Nani Anakesha na Seva?



Mwezi wa Aprili mwaka 2005, mjini Canberra, Australia, watengenezaji wa programu huria, zile ambazo yeyote anaweza kuzisoma na kuzibadilisha, walijaa ukumbini kumsikiliza Andrew Tridgell. Huyu ndiye aliyeanzisha Samba, programu inayoziwezesha kompyuta za Linux kubadilishana mafaili na kompyuta za Windows. Majuma hayo jina lake lilikuwa midomoni mwa watu, maana alilaumiwa kuwa amechokonoa siri za kampuni moja ya Marekani na kuvuruga kazi ya wengi. Tridgell hakujitetea kwa maneno mengi. Aliunganisha kompyuta yake na seva inayotumia programu ya kampuni ile, kwa chombo cha kawaida ambacho kila fundi wa mitandao anakifahamu, kisha akawauliza waliohudhuria aandike nini. Wakamwambia aombe msaada. Akaandika neno hilo moja, na seva ikamletea orodha ya amri inazozikubali. Hivyo ndivyo uchokonozi wenyewe ulivyokuwa umeanza.

Kampuni iliitwa BitMover, na programu yake BitKeeper. Kazi ya BitKeeper ilikuwa kutunza historia ya msimbo: nani kabadilisha mstari gani, lini, na kwa nini. Tangu mwaka 2002 Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux, na wenzake wengi wanaotengeneza kiini chake walikuwa wakiitumia katika kazi zao za kila siku. Msimbo wake ulikuwa umefungwa, lakini watu wa Linux waliruhusiwa kuitumia bila malipo, kwa sharti kwamba anayeitumia asishiriki kutengeneza programu ya kushindana nayo. Wapo waliopinga mapema, Richard Stallman, mwasisi wa vuguvugu la programu huria, akiwa miongoni mwao. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: mradi mkubwa wa programu huria usitegemee chombo ambacho mwenyewe anaweza kukichukua siku yoyote. Torvalds naye alishikilia kwamba anahitaji chombo kinachoifanya kazi vizuri, na kwa wakati ule hakuona kingine kilichofikia kile.

Tridgell alipotafuta njia ya kusoma data ya BitKeeper bila kutumia BitKeeper, kampuni ikaifuta ruhusa ya bure. Kiini cha Linux, chenye mamilioni ya mistari ya msimbo, kikabaki bila mahali pa kutunzia historia yake. Tarehe 3 Aprili Torvalds akaanza kuandika chombo kipya. Tarehe 7 chombo hicho kilikuwa tayari kinatunza historia ya msimbo wake chenyewe. Mwezi wa Juni likatoka toleo la Linux namba 2.6.12, lililoandaliwa kwa chombo hicho. Ndicho hiki tunachokiita Git, na leo ni vigumu kumpata mtu anayeandika programu kwa riziki yake ambaye hajawahi kukitumia.

Nimekieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ya kilichofuata. Mwaka 2008, miaka mitatu tu baadaye, ilifunguliwa GitHub, huduma ya kuhifadhi kazi za Git mtandaoni. Git ni huria. GitHub ni mali ya kampuni na msimbo wake umefungwa. Watengenezaji wa programu huria wakahamia huko kwa makundi. Mwaka 2018 Microsoft ikatangaza kuinunua kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 7.5, na mwanzoni mwa mwaka 2023 GitHub ikatangaza kuwa imefikisha watumiaji milioni 100. Jumuiya hizo hizo huzungumza kwenye Slack na Discord, hukutana kwenye Zoom na kuandikiana kwenye Google Docs. Huku kwetu Afrika Mashariki zinaendesha mambo kwenye makundi ya WhatsApp.

Basi kwa nini? Watu walioonja uchungu wa kunyang'anywa chombo, wakaweza kujitengenezea kingine kwa siku chache, wanarudije kukaa kwenye majukwaa ya wengine?

Waswahili tuna usemi kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na wapo wanaolimaliza suala hili kwa usemi huo: hawa ni wavivu, au ni wanafiki, wanahubiri uhuru wakilala kwa watu. Mimi sikubaliani nao. Mtu anayekesha akirekebisha programu bila kulipwa, ili daktari wa wilaya au mwalimu asiyemjua aitumie bure, hastahili kuitwa mvivu. Sababu ziko kwingine.

Ya kwanza ni kwamba watu huenda waliko watu. Mradi wa Python, lugha ya kuandikia programu, ulikuwa na seva zake wenyewe kwa miaka mingi. Januari 2016 viongozi wake waliamua kuhamia GitHub, na Februari 2017 wakahama. Walikuwa wamefikiria pia GitLab, huduma nyingine ya aina hiyo hiyo. Miongoni mwa sababu walizozitoa waziwazi ni kwamba wachangiaji wengi walikwisha kuizoea GitHub, na mwanzilishi wa lugha yenyewe aliipendelea. Fikiria kijana aliyeona kosa dogo katika maelezo ya programu na anataka kulirekebisha. Kwenye jukwaa lenye akaunti yake tayari, kazi hiyo ni ya dakika kumi. Kwenye seva ya mradi peke yake, itambidi afungue akaunti mpya, asubiri kukubaliwa, ajifunze taratibu za pale, na pengine kufikia hapo hamu imekwisha. Mradi unaoishi kwa kujitolea hauwezi kumpoteza mtu kama huyo.

Tena kijana huyo anatafuta ajira. Akiwa Mwanza, Mombasa au Kampala, ukurasa wake wa GitHub ndio barua yake ya utambulisho kwa mwajiri wa Nairobi au Berlin, ambaye hataomba kwanza cheti cha chuo; atataka kuona kazi. Kumwambia apeleke jitihada zake mahali ambapo hakuna mwajiri anayepita ni kumtaka alipie msimamo wetu kwa riziki yake.

Sababu ya pili ni gharama, na hapa sizungumzii pesa pekee. Programu inayotumika na watu wengi lazima ijaribiwe kila inapobadilishwa, kwenye Windows, kwenye kompyuta za Apple na kwenye Linux. GitHub hutoa mashine za majaribio hayo bure kwa miradi iliyo wazi. Mradi wa watu watatu wenye ajira nyingine mchana hauwezi kununua mashine hizo, kuzilipia umeme na kuzisasisha. Halafu kuna wavamizi: watu wanaojaza matangazo ya uongo, wanaojaribu nywila usiku kucha, wanaotafuta tundu la kuingilia.

Kiini cha Linux chenyewe kilipatwa na haya. Mwezi wa Agosti 2011 iligunduliwa kuwa seva za kernel.org, makao makuu ya Linux mtandaoni, zimevamiwa. Zikazimwa kwa majuma kadhaa. Na Linus Torvalds, mtu yule yule aliyeandika Git baada ya kunyimwa chombo cha kampuni, akauweka msimbo wake kwa muda kwenye GitHub, kazi ikaendelea. Alifanya jambo la busara. Lakini angalia lililojitokeza hapo: mahali petu wenyewe palihitaji ulinzi wa kiwango ambacho wengi wetu hatuna.

Sababu ya tatu ndiyo ninayoiona kuwa mzizi wa zile mbili. Nitaieleza kwa mfano wa kisima cha kijiji. Watu wote hujitokeza siku ya kuchimba. Mfadhili hupiga picha, mbunge hukata utepe, jina la aliyechimba huandikwa ukutani. Miaka miwili baadaye mpira wa pampu umekatika, na hakuna aliyepangiwa kuununua wala anayelipwa posho ya kuitazama. Pampu inakaa kimya huku kila mtu akikumbuka sherehe. Mahali ambapo kamati ya maji inakusanya fedha kidogo kila mwezi na kumlipa mtunzaji, kisima kinadumu.

Utamaduni wa programu huria umejengwa juu ya heshima ya mchimbaji. Anayeandika msimbo mpya anajulikana, anaalikwa mikutanoni, jina lake linabaki katika historia. Anayeamka saa nane za usiku kwa sababu diski ya seva imejaa hajulikani. Anayefuta taarifa za matapeli, anayerudisha nywila za waliosahau, anayehakikisha nakala ya akiba inafunguka kweli, hana ukumbi wa kupigiwa makofi. Kazi ya utunzaji ikakosa heshima na mshahara, basi ikakosa watu. Kampuni zikaona pengo hilo, zikaajiri watunzaji, zikawalipa vizuri, na zikatuambia tuingie bure. Tukaingia.

Leseni nazo hazikutusaidia hapa. Leseni za programu huria zinakulinda wewe na programu uliyo nayo: uitumie, uisome, uibadilishe, uigawe. Hakuna leseni inayosema mazungumzo kuhusu programu hiyo yafanyike wapi, wala nani awe na funguo za mlango wa mahali hapo.

Sasa, msikilizaji, nataka tulitazame kwa karibu jambo moja, maana ndipo hasara ilipojificha. Ukiwa na intaneti na kompyuta, andika amri ya Git ya kunakili ghala la mradi wowote ulio wazi. Utaona hesabu ikipanda kwenye kioo, asilimia kumi, hamsini, mia. Ikimaliza, umepata zaidi ya msimbo wa leo. Kwa kawaida umepata historia yote: mstari uliofutwa miaka kumi iliyopita, jina la aliyeufuta, saa aliyoufuta, na maelezo mafupi aliyoyaacha. Hata GitHub ikizimika kesho, kila aliyenakili ana mradi mzima kwenye mkoba wake. Ndiyo sababu uvamizi wa mwaka 2011 haukuifuta Linux: maelfu ya kompyuta duniani zilikuwa na historia ile ile, na alama za uhakiki za Git zingemwumbua yeyote ambaye angeichezea.

Lakini fungua folda hiyo uliyonakili, uitafute taarifa ya kosa iliyoandikwa, tuseme, na nesi wa kituo cha afya akieleza kwamba fomu inagoma tarehe ya kuzaliwa ikikosekana. Haimo. Tafuta mabishano ya siku nane yaliyoamua kwa nini njia hii ikachaguliwa na ile ikaachwa. Hayamo. Tafuta maneno ya fundi mzoefu aliyemwonyesha mgeni, mstari kwa mstari, namna ya kuiandika kazi yake vizuri zaidi. Nayo hayamo. Hayo yote yanakaa katika hifadhidata ya jukwaa, nje ya Git. Kuyatoa kunawezekana, zipo njia za kufanya hivyo, lakini lazima mtu aamue, aandae chombo, na akifanye kiendeshwe mara kwa mara. Git ilituachia msimbo mikononi, na mazungumzo yetu tukayaacha kwa mwenye jukwaa. Na katika programu inayoishi miaka ishirini, mazungumzo ndiyo akili ya mradi. Msimbo unakuonyesha kilichofanyika. Mazungumzo yanakwambia kwa nini, na nani aliumia kabla ya kufika hapo.

Historia imetuonyesha kinachotokea mambo yakigeuka. SourceForge, iliyofunguliwa mwaka 1999, ndiyo iliyokuwa GitHub ya zama zake. Januari 2010, kwa kutii sheria za vikwazo za Marekani, ilizuia watu wa Cuba, Iran, Korea Kaskazini, Syria na Sudan wasiingie. Sudan, msikilizaji, si mbali na sisi. Mtaalamu wa Khartoum aliyekuwa akichangia programu iliyo huru kwa kila binadamu aliamka akakuta mlango umefungwa kwa sababu ya anwani ya mtandao wake. Baada ya malalamiko, uamuzi ukaachiwa kila mradi. Miaka michache baadaye huduma hiyo hiyo ikaanza kuambatanisha matangazo na programu za pembeni kwenye faili za kusakinishia. Watengenezaji wa GIMP, programu ya kuhariri picha, wakaondoka mwaka 2013, na mwaka 2015 wakakuta faili ya Windows yenye jina lao inaendelea kutolewa pale, ikiwa imefungashwa na vitu ambavyo wao hawakuviweka. Hasira ya watu ilikuwa kubwa hata utaratibu huo ukaachwa.

Google nayo ilikuwa na Google Code tangu mwaka 2006. Machi 2015 ikatangaza kuifunga, na Januari 2016 ikafungwa. Miradi iliyokuwa na watu wa kuihamisha ilihama. Ile ambayo waanzilishi wake walikuwa wamechoka, au wamefariki, ikabaki kwenye kumbukumbu tu.

Julai 2019 GitHub iliwafungia watu wa Iran, Syria na Crimea baadhi ya huduma, yakiwemo maghala yao ya faragha, kwa sababu zile zile za vikwazo. Ilichukua hadi Januari 2021 kampuni hiyo kupata kibali cha serikali ya Marekani cha kuwahudumia Wairani kikamilifu. Oktoba 2020 ikaondoa youtube-dl, programu ya kupakua video, kufuatia barua ya chama cha makampuni ya muziki ya Marekani, na mwezi uliofuata ikairudisha. Nataka kuwa mwadilifu hapa: katika kesi zote mbili GitHub yenyewe ilihangaika kuwatetea watumiaji wake, ilitafuta kibali kile na ikatenga fedha za kuwasaidia watengenezaji kisheria. Wanaofanya kazi humo wengi wanaipenda programu huria. Hata hivyo nia njema ya mwajiriwa haiondoi ukweli kwamba neno la mwisho liko kwa sheria ya nchi moja na kwa wenye hisa.

Kisha likaja suala la akili mnemba. Mwaka 2021 GitHub ilionyesha Copilot, msaidizi wa kuandika programu aliyefunzwa kwa msimbo uliowekwa wazi kwenye jukwaa hilo, na mwaka 2022 ikaanza kumuuza. Wengi waliochangia waliuliza: nani alituuliza? Shirika la Software Freedom Conservancy, linalotetea programu huria, likatoa wito wa kuondoka GitHub. Wachache waliitikia. Wengi walibaki, kwa sababu zile zile tatu nilizozitaja.

Majukwaa ya mazungumzo yana mtindo huo huo. Slack ilipobadilisha huduma yake ya bure mwaka 2022, jumuiya zisizolipa zikabaki zikiona ujumbe wa siku 90 za karibuni tu. Swali lililojibiwa kwa uvumilivu mwezi wa Januari, kufikia Mei halionekani tena, na mtu analiuliza upya.

Tuje nyumbani. Mtu anaweza kusema haya ni ya Wazungu na kompyuta zao. Hapana. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004, una mizizi yake Eldoret, Kenya, katika kazi ya kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI. DHIS2, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ndiyo inayokusanya takwimu za afya za wizara za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu waliochangia kuijenga. Ushahidi ilizaliwa Kenya mwanzoni mwa mwaka 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi, ikageuka chombo kinachotumika duniani. Misimbo ya miradi yote mitatu iko GitHub. Kwa hiyo mahali ambapo msimbo wa mifumo yetu ya afya unahifadhiwa na kubadilishwa ni mahali ambapo hatuna kura.

Na jumuiya zetu za mitaani, za vijana wanaofundishana kuandika programu au kuchora ramani huria za vitongoji vyao, zinakutana WhatsApp. Siwalaumu. Kijana ana simu, hana kompyuta, na bando lake la mitandao ya kijamii ni la bei nafuu kuliko bando la kila kitu. Kiongozi wa kundi akimwambia afungue tovuti nyingine, anamwambia atoe hela. Lakini tuitazame gharama ya upande wa pili. Anayejiunga leo kwa kawaida hakuti yaliyosemwa mwaka jana, kwa hiyo kila mgeni anaanza sifuri na wazee wa kundi wanachoka kurudia. Hakuna injini ya utafutaji itakayomletea mwanafunzi wa Kigoma jibu lililotolewa ndani ya kundi la Arusha. Namba yako ya simu inaonekana na watu mamia usiowajua, na wapo wasichana wanaonyamaza au kujitoa kwa sababu hiyo. Maarifa ya Kiswahili kuhusu teknolojia, ambayo ni machache tayari, yanazungumzwa kila siku na kupotea kila siku.

Je, kuna walioweza kufanya vingine? Wapo, na inafaa tuone wana nini. Debian, GNOME na KDE, miradi mikubwa na mikongwe ya programu huria, ilijenga makazi yake kwa kutumia toleo huria la GitLab kati ya mwaka 2018 na 2020. Wana taasisi nyuma yao, wana fedha za michango, na wana watu ambao kazi yao inayotambulika ni kuangalia seva. Codeberg ni chama kilichosajiliwa Berlin, Ujerumani. Wanachama wanalipa ada na kupiga kura, na jukwaa lao linatumia programu huria iitwayo Forgejo. Mwishoni mwa mwaka 2025 mradi wa lugha ya Zig ulihamia huko kutoka GitHub. Watu wa kiini cha Linux wanaendelea kujadiliana kwa barua pepe, na hifadhi ya barua hizo imewekwa katika muundo wa Git, hivyo unaweza kuyanakili mabishano ya miaka mingi kama unavyonakili msimbo. Kernel.org ina wasimamizi wanaolipwa na Linux Foundation. Hawa wote hawafanani kwa teknolojia wala kwa ukubwa. Wanafanana kwa jambo moja: utunzaji ni kazi ya mtu fulani, na kazi hiyo ina bajeti.

Sisemi kwamba kwao ni raha. Mwaka 2025 seva za miradi kama hii zilielemewa na mashine za makampuni ya akili mnemba zinazozoa kurasa usiku na mchana, mpaka wasimamizi wakalazimika kuweka vizuizi mlangoni. Kujitegemea kuna jasho lake, na anayekuahidi vinginevyo hajawahi kuamshwa na seva.

Ushauri wangu kwa jumuiya zetu ni huu. Hakuna haja ya kuhama kesho, na hakuna haja ya kumwonea haya aliyebaki. Lakini anwani ya mtandao ya mradi iwe mali ya jumuiya, imesajiliwa kwa jina lake, ili siku mkihama wageni wawafuate bila kupotea. Ripoti za makosa na majadiliano yanakiliwe kila wiki na kuhifadhiwa mahali pengine, na mtu mmoja awajibike kuhakikisha nakala hiyo inafunguka. Uamuzi wowote mkubwa uandikwe kwa maneno machache katika faili la kawaida ndani ya ghala la msimbo, ili usafiri pamoja na kila anayenakili. Na kundi la WhatsApp liwe na mwandishi, mtu anayechukua maswali na majibu mazuri ya wiki na kuyaweka kwenye ukurasa ulio wazi, kwa Kiswahili, ambapo yeyote atayapata.

Vyuo vyetu navyo vina nafasi kubwa hapa. Tanzania ina mtandao wa TERNET, Kenya ina KENET, Uganda ina RENU. Ni taasisi za kuviunganisha vyuo na vituo vya utafiti, zenye mafundi wanaojua kazi ya seva. Forgejo haihitaji mtambo wa mabilioni. Jukwaa moja la pamoja, lenye mafundi wawili au watatu wenye mshahara wa uhakika, lingeweza kuhifadhi nakala za miradi huria ya kanda nzima, na kuwafundisha wanafunzi ufundi ambao hakuna darasa linaloufundisha vizuri: kuweka kitu hai mwaka baada ya mwaka.

Na kwa wafadhili na wizara zinazoagiza mifumo huria, nina ombi moja. Kwenye bajeti ya mradi ujao, baada ya mstari wa watengenezaji, wekeni mstari wa mtunzaji, kwa miaka mitano na siyo miezi sita. Mwandikeni kwa jina, mpeni msaidizi ili naye aweze kulala, na siku ya uzinduzi mwiteni mbele ya watu pamoja na waliojenga. Tusipomlipa sisi, atalipwa na mwingine, na anayemlipa mlinzi ndiye anayekaa na funguo.